GPA ya 2.6 si msiba

Machi na Aprili simu yangu haina usingizi. Ndiyo miezi ambayo matokeo ya muhula wa kwanza yanaanza kuonekana kwenye mifumo ya vyuo, na vijana niliowafundisha kemia kidato cha tano na cha sita, wale wale walionipigia Julai kwa vigelegele kwa sababu ya Division One, wananiandikia usiku wa manane: "Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Naomba ushauri." Sihitaji kuuliza ushauri wa nini. GPA imetoka.

Nilishastaafu, naishi zangu Morogoro na bustani ya mchicha, na ushauri ndicho kitu pekee ninachotoa bila kuombwa mara mbili. Basi leo nautoa kwa wote, wazazi wakiwemo, maana kwa ninavyoona wao ndio wanaouhitaji kuliko watoto.

Alama za mwaka wa kwanza kushuka ni jambo la kutarajiwa. Sehemu ya huko kushuka si kushuka hata kidogo, ni vipimo viwili visivyolingana. Sehemu nyingine ni ya kweli, na ina dawa. Kinachowaharibu vijana wetu ni hofu inayowafanya wafiche, na vyuo vinavyoyaona haya yote mwaka hadi mwaka vikakaa kimya.

Tuanze na vipimo. Mtihani wa NECTA wa kidato cha sita unatoa A kuanzia alama 80. Ukipata 70 una B, 60 ni C, na 52 ni D. Mwanafunzi wa tahasusi ya PCB au HGL ameishi miaka miwili akijua kwamba hamsini na kitu ni aibu. Anafika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au chuo kingine chenye mizani kama hiyo, na huko A inaanzia 70, B+ ni 60 hadi 69, B ni 50 hadi 59, na mwenye 40 ana C, amefaulu. Sasa mtoto anaona jaribio lake lina 52, anajifungia chumbani hosteli analia, wakati pale alipo hiyo ni B. Kijana mmoja nilipomweleza hivyo kwenye simu alidhani namfariji tu. Ilibidi afungue kitabu cha kanuni alichopewa siku ya kujisajili, ambacho alikuwa anakiwekea kikombe cha chai, ndipo akaamini. (Vyuo vya afya vina mizani yao na ni mikali zaidi. Mwenye mtoto huko asichukue namba zangu akaenda kugombana nazo kwa mkuu wa kitivo.)

Halafu kuna hili la kuwa wa kwanza. Huyu alikuwa wa kwanza Ilboru, yule Kibaha, yule Kilakala, yule Msalato, mwingine Mzumbe, mwingine Tabora Wavulana, na wengine kutoka shule za kata ambazo hazijawahi kutangazwa popote lakini mtoto wao alikuwa moto kweli kweli. Wote wanaingizwa ukumbi mmoja wa watu mia nne. Hata wangekuwa malaika watupu, lazima mmoja awe wa mia tatu na tisini. Hesabu haina huruma, na wala haisemi kwamba huyo wa mia tatu na tisini akili zimemtoka alipovuka geti la chuo.

Geti lenyewe amelivuka akiwa amepoa. Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei. Baada ya hapo wengi wanakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Wanakimbia mchakamchaka, wanalima, wanajifunza kupanga foleni bila kusukumana. Wakirudi ni kuomba chuo, kuomba mkopo na kusubiri majina. Chuo kinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Hiyo ni karibu nusu mwaka bila kugusa daftari. JKT siilaumu, nina kijana wangu aliyekuwa haamki mpaka amwagiwe maji, siku hizi anamwamsha jogoo. Lakini hesabu za mole alizokuwa akizifanya huku anatafuna muwa, mwezi wa kumi na moja anazitazama kama barua ya mtu mwingine.

Hayo yote ni mepesi. Sasa nije kwenye kushuka kwa kweli.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kwangu likizo fupi ya kati ya mihula. Huyu alipata Division One ya pointi 5: A ya biolojia, B ya kemia, B ya fizikia. Dada alifanya sherehe, keki ikaandikwa "Dr." ingawa mtoto hakuomba udaktari. Anasoma shahada ya sayansi ya miaka mitatu, chuo sikitaji. Alifika, akanisalimia, akapika, akaosha hadi vyombo vilivyokuwa safi kabatini. Jioni akaniletea simu bila kusema neno. Kozi tano: B+ moja, B moja, C tatu. GPA 2.6.

"Mjomba, mama hajui," akasema. "Ukimwambia mimi nitakufa."

Habari za mama yake sikuzijibu. Nikamwambia alete madaftari. Kaunta buku tatu zilizojaa, mwandiko wa kupendeza, vichwa vya mada kwa kalamu nyekundu, michoro kwa penseli na rula. Slaidi zote za mhadhiri alikuwa amezinakili neno kwa neno, hata namba za kurasa. Nikamwambia anieleze kanuni ya Raoult, ile ya mvuke wa vimiminika vilivyochanganywa, ambayo najua aliisoma tangu yuko sekondari. Akaitoa yote kwa Kiingereza bila kukosea hata mkato, na mlinganyo juu yake.

"Vizuri sana. Sasa niambie, kwa nini mpika gongo, hata akirudia kuchemsha mara kumi, hapati spiriti tupu isiyo na maji?"

Akacheka. "Mjomba bwana! Gongo haimo kwenye silabasi."

Nikamtazama. Akaacha kucheka. Nilikwenda kumwagilia mchicha, niliporudi alikuwa bado amekaa pale pale na kalamu mdomoni. Ndipo akasema, polepole, na sasa kwa Kiswahili, kwamba ethanoli na maji haviifuati ile kanuni barabara. Kwamba mchanganyiko ukifika karibu asilimia 96 ya ethanoli, mvuke unaopanda unakuwa na kiasi kile kile cha maji kama kilichomo chunguni, kwa hiyo kuchemsha tena hakubadilishi kitu. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi darasani. Kisha akashika kichwa.

"Mjomba! Hili swali lilikuja kwenye jaribio la pili. Walitupa jedwali la ethanoli na maji wakasema tueleze kinachotokea. Mimi nikaandika kanuni."

C ya kweli iko hapo. Mtoto anakijua kitu, lakini hajui kuwa kinachotakiwa sasa ni kukitumia. Na atajuaje? Sekondari ya juu kwetu inafundisha namna ya kuushinda mtihani unaojulikana sura yake. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na niliifanya vizuri: mitihani ya miaka iliyopita, maswali yanayojirudia, prepu ya alfajiri, mock ya mkoa, pre-NECTA, kisha tunarudi mwanzo. Kiingereza kikikwama tulieleza kwa Kiswahili, watoto wakaelewa, kisha wakaenda kuandika kwa Kiingereza kile walichokariri. Shule ilipimwa kwa idadi ya Division One, na Division One tulizileta. Chuo kinataka jambo jingine. Kinakupa kitu unachokijua kikiwa kimevaa nguo usizozijua, kisha kinakwambia: eleza.

Mtoto hakuambiwa. Anachoona ni alama zinashuka, basi anafanya lile analolijua. Anakesha zaidi kwenye kimbweta. Ananakili zaidi. Anasaka madesa ya mwaka jana na mwaka juzi. Juhudi yote anaiongeza kwenye njia ile ile iliyomwangusha, na muhula wa pili alama zikishuka tena anahitimisha kuwa yeye ni mjinga, maana atafanya nini zaidi ya kukosa usingizi?

Najua watakaosema ni raha tu: bumu likiingia watoto wanahamia kwenye viwanja vya starehe. Wapo, nawajua kwa majina. Lakini anayeponda raha hana wasiwasi. Huyo haniandikii saa saba usiku, na wala hapa simzungumzii. Anayeniandikia ni yule asiyekosa kipindi.

Tena tulitazame vizuri hilo bumu lenyewe. Tangu mwaka 2022 posho ya chakula na malazi kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Inatoka kwa mikupuo ya kama miezi miwili, kwa hiyo kijana wa miaka ishirini anaamka na kama laki sita kwenye akaunti. Watu wazima tunapenda kusimulia habari za simu mpya na viatu. Hatusimulii wale wanaotuma laki mbili nyumbani siku hiyo hiyo kwa mahitaji ya wadogo zao, wakalipa chumba cha mtaani, na wiki mbili za mwisho wanaishi kwa chapati na maji ya bomba. Kwa huyo, alama ni zaidi ya heshima. Mkopo wa mwaka wa pili unamsubiri afaulu wa kwanza. Mtoto wa mwenye nacho akianguka anarudia. Huyu akianguka anarudi kijijini na deni. Akiwa na wasiwasi, sioni kwa nini tumwite mwoga.

Nilichomfanyia mpwa wangu baada ya hapo kilikuwa hesabu tu. Nilichukua kalenda ya mwaka jana nikaigeuza nyuma. Shahada ya miaka mitatu ina mihula sita. Tuseme yote ina uzito sawa. A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Mihula sita mara 3.5 ni 21. Toa 2.6 uliyokwisha kuipata, inabaki 18.4. Gawa kwa mihula mitano iliyobaki: 3.68. Huo ndio wastani anaoutafuta tangu sasa, yaani B+ nyingi na B chache. Akipata B+ tupu mpaka mwisho anamaliza na 3.77. Akipata B tupu anamaliza na 2.9, daraja la pili la chini, na watu wanaajiriwa kwa shahada hiyo kila siku. Daraja la kwanza, linaloanzia 4.4, nilimwambia ukweli: lingemtaka awe na wastani wa 4.76 kuanzia sasa, A karibu kila kozi. Linawezekana kwa kalamu, ila asilale njaa kwa ajili yake.

Alirudia hesabu kwenye simu, akarudia tena.

"Kwa hiyo sijaharibu?"

"Umeharibu robo ya muhula mmoja kati ya sita. Lala."

Sisemi kila mtu alale. Mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, ana haki ya kuhangaika, maana katika vyuo vingi ukifaulu sapu unapewa C basi, hata ukipiga 80. Sapu tatu za muhula wa kwanza ni mzigo utakaoubeba hadi siku ya mahafali. Na wastani ukidondoka chini ya kiwango kilichowekwa na kanuni za chuo, hata hiyo sapu huipati, unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Ndiyo maana nasisitiza hesabu ifanywe mapema, kwenye karatasi, na mtu mwingine akiwa ameketi pembeni.

Mtu mwingine ndiye anayekosekana. Chuo hakimpelekei mzazi matokeo, na mimi naunga mkono. Mwanafunzi ni mtu mzima. Ila mtu mzima huyo anatoka kwenye ukoo ambao Division One yake iliwekwa kwenye grupu la WhatsApp la familia ikapigiwa makofi na watu themanini, wengine hata hawamjui sura. Sasa huko ndiko akatangaze C tatu? Nimemwona kijana aliyedisko akaendelea kukaa kwenye chumba cha kupanga karibu na chuo mwaka mzima, anapokea pesa ya matumizi, kila Jumapili anapiga simu nyumbani kusema masomo yanakwenda vizuri. Baba yake alijua siku alipoanza kuulizia tarehe ya mahafali ili anunue suti. Mtaa mzima ulisema kijana ni mwongo. Mimi nilibaki najiuliza nyumba ile ilikuwaje, hata mtoto akaona kudanganya mwaka mzima ni rahisi kuliko kusema sentensi moja.

Mpwa wangu aliisema ile sentensi. Alimpigia mama yake siku ya pili, mimi nikiwa nimekaa kando. Dada yangu alinyamaza kidogo, halafu swali lake la kwanza likawa: "Na yule mwenzako, mtoto wa jirani, yeye kapata ngapi?" Nikachukua simu. Tuliyozungumza na dada yangu ni ya kwetu.

Nirudi kwa vyuo, kwa sababu navyo vina kesi. Fomu za kujiunga na chuo nimezisoma nyingi, maana wazazi huniletea niwatafsirie. Kurasa na kurasa: ada, akaunti ya benki, bima ya afya, picha za pasipoti, shuka, mavazi yasiyoruhusiwa. Sijawahi kukuta nusu ukurasa unaomwambia mtoto na mzazi wake kwamba hapa 52 ni B, kwamba hapa maswali yanaulizwa hivi, kwamba wengi wenu mtaona alama msizozizoea na huo si mwisho. Nusu ukurasa, kwa Kiswahili. Gharama yake ni karatasi.

La pili ni karatasi za majaribio. Alama za majaribio na kazi za muhula ni kama 40 kati ya 100 katika vyuo vingi, zilizobaki ni za mtihani wa mwisho wa muhula. Maana ya jaribio la kwanza ni kumwonyesha mwanafunzi anakosea wapi kabla hajafika kwenye hizo sitini. Kinachofanyika mara nyingi ni orodha ya namba za usajili na alama kurushwa kwenye grupu la darasa na CR, mwakilishi wa darasa. Karatasi yenyewe hairudi, au inarudi mtihani ukiwa umepita. Mpwa wangu aliona 13 kati ya 30 na mpaka anakuja Morogoro hakuwa amejua kwamba kilichomwangusha ni kuandika kanuni mahali alipotakiwa kueleza jedwali. Kosa la kusahihishwa kwa dakika tano lilikaa miezi miwili likajifanya ujinga.

Mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne namwonea huruma, nimewahi kusahihisha mia moja na ishirini nikaota mistari myekundu. Lakini wapo wahadhiri wasaidizi. Na yupo yule anayeitwa mshauri wa kitaaluma, ambaye kila mwanafunzi amepangiwa. Niliwauliza vijana waliokuja kwangu mwaka huu kama wanamfahamu wa kwao. Mmoja alimfahamu, alimsainia fomu. Kama vyuo vinataka kupunguza idadi ya wanaodisko, vimwite kila mwenye alama za chini baada ya jaribio la kwanza, vimkalishe robo saa na karatasi yake mezani. Mwalimu wa darasa la pili anafanya hivyo na watoto sabini, kwa chaki.

Muhula wa pili umeshaanza. Mzazi mwenye mtoto mwaka wa kwanza, mpigie leo, na GPA usiiulize. Muulize amekula nini. Muulize karatasi ya jaribio imerudi? Kama haijarudi, mwambie aende ofisini kwa mhadhiri agonge mlango aiombe kwa adabu. Wengi hawajui kuwa inaruhusiwa. Kule walikotoka ofisi ya mwalimu mtu alikwenda akiitwa, na akiitwa ilikuwa kuchapwa. Mpwa wangu ameshagonga, Jumatatu hii. Mhadhiri hakuwepo. Atarudi kugonga Alhamisi.